Hundi imesoma kwenye akaunti ya mwanangu Marekani, sasa utapeli uko wapi?

Swali: Dada shikamoo. Mimi nipo Makorora hapa Tanga. Mwanangu anasoma Ohio, yupo mwaka wa pili. Wiki iliyopita kaletewa barua na hundi ya dola 2,650, kaambiwa kapata kazi ya misteri shopa, yaani mnunuzi wa siri, anaenda dukani kama mteja wa kawaida alafu anaandika ripoti huduma ikoje. Dola 350 ndo malipo yake, hizo 2,300 anunue gifti kadi, zile kadi za zawadi zenye hela ndani, kwenye maduka waliyomtajia. Hundi kaipiga picha kwa simu kaiweka benki Alhamisi, Ijumaa hela ikasoma. Kaka yangu anasema ni matapeli hao, lakini mwanangu ananiambia mama kama ni utapeli mbona benki imeshaweka hela? Kaniahidi dola 200 za mabati. Nimekutumia picha ya hundi, barua na bahasha. Nisaidie dada yangu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza la haraka, maelezo baadae. Mpigie mwanao leo leo, kuanzia saa kumi na moja jioni ya Tanga kule Ohio ni asubuhi na benki zimefunguliwa. Mwambie asinunue kadi hata moja, na ile hela asiguse hata senti, hata hizo 350 wanazomwambia zake asiziguse, na hizo 200 za mabati mwambie mama anasubiri. Kama kadi ameshanunua ila namba hajazituma, asitume. Kama ameshatuma, huko chini nimeandika cha kufanya na asicheleweshe, kwenye hilo saa moja ni nyingi.

Haya sasa tuongee. Kaka yako yuko sahihi, huu ni utapeli, tena wa zamani. Ila swali la mwanao sitaki mlichukulie kama la mtoto asiyejua dunia. Mbona benki imeshaweka hela? Mimi nimekaa kaunta ya hundi miaka mingi na hilo ndo swali lililowapoteza watu wengi na akili zao timamu, walimu, wahasibu, watu wa dini, mana mtu akishaona hela imesoma anaona uchunguzi umeisha, benki yenyewe imekubali, mimi nani nikatae.

Hundi ni karatasi ya kuiagiza benki fulani ilipe. Mwanao kaiweka benki yake, tuiite benki ya kwanza. Hiyo benki ya kwanza haijapokea chochote bado, inabidi iipeleke hundi kwa benki ya pili, ile iliyoandikwa kwenye karatasi, ndo benki ya pili iangalie kama akaunti ipo, ina hela, na mwenyewe kweli kaiandika. Sasa Marekani wana sheria ya mwaka 1987 iliyotungwa kwa nia nzuri kabisa, mabenki yalikuwa yanakaa na hundi za watu siku nyingi huku mteja hana kitu mfukoni, bunge lao likasema hapana, mteja apewe hela mapema. Kanuni zake zinaitwa Regulation CC. Kwa kanuni hizo hundi ya kawaida sehemu ya kwanza mteja anaipata siku ya kazi inayofuata na iliyobaki siku chache baadae, na zile hundi zinazotolewa na benki yenyewe, kwetu tunaziita benkazi cheki, mara nyingi zinapewa hela haraka zaidi. Kwaiyo ile hela aliyoiona Ijumaa ni benki yake imemtangulizia ya kwao wakati picha ya hundi bado iko njiani. Hakuna aliyeilipa.

Alafu hiyo picha inafika benki ya pili, wanaangalia wanasema hii sio yetu, au akaunti ni ya mteja wetu lakini yeye hajaandika kitu kama hiki. Inarudishwa. Hapo zinaweza kupita siku, wakati mwengine wiki kadhaa, hasa kama tapeli kaichora vizuri na mwenye akaunti hajakagua taarifa zake za mwezi. Ikirudi, benki ya mwanao inakata dola zote 2,650 kwenye akaunti yake. Kama ndani kabaki na 400, akaunti inasoma hasi na deni ni la kwake. Hawamdai aliyemtumia barua, wanamdai mwanao, mana yeye ndo aliyeiweka, na wakati anafungua akaunti alisaini karatasi inayosema hivyo.

Kwaiyo akienda benki au akipiga simu asiulize hela imeingia? Watamwambia ndio imeingia, nao hawajasema uongo. Aulize hivi: benki iliyotoa hii hundi imeshailipa kabisa au bado? Ni maswali mawili tofauti na keshia mzuri atakujibu tofauti.

Sasa nije kwenye picha zako, nimezikuza nimeziangalia moja moja. Kwenye hundi, juu kushoto anayelipa ni kampuni ya mafundi bomba ya Texas. Barua ina nembo ya kampuni ya utafiti wa masoko yenye anwani ya New York. Bahasha imepigwa mhuri Florida. Mjiulize, fundi bomba wa Texas anamlipia nini mwanao kwa kazi ya kampuni ya New York iliyopostiwa Florida? Hao mafundi wenyewe sidhani kama wana habari. Matapeli wanaiba jina la kampuni ya kweli na namba za akaunti ya kweli makusudi, zile tarakimu tisa za chini kushoto zinazotambulisha benki zinakuwa sahihi, mashine inazisoma vizuri na hundi inapita bila shida siku ya kwanza. Ndo mana sikushauri mkae mnachunguza karatasi kama ina alama za maji au wino unang'aa, hizo za siku hizi zinachapwa vizuri mpaka makeshia wazoefu wanapitiwa. Angalieni nani anamlipa nani, kwa kazi ipi, na kwa nini kabla ya kazi.

Moja tu la karatasi nitalisema kwa sababu linasaidia kweli. Wakati mwengine hawaleti hundi, wanaleta mani oda ya posta ya Marekani, yaani hawala ya posta. Mani oda moja ya kutumika ndani ya nchi yao haizidi dola 1,000. Ukiona imeandikwa 1,450 hiyo ni feki hata kama karatasi inapendeza namna gani. Na ya kweli ukiinyanyua kwenye mwanga unaona sura ya Benjamin Franklin imejirudia juu mpaka chini, na uzi wenye herufi USPS.

Barua yenyewe ndo imenitia hasira. Imeandikwa kwa adabu, inamuita mwanao "mkaguzi wetu mpendwa". Inampa saa 24 kumaliza kazi. Inataka atume meseji akishaweka hundi, atume tena hela ikisoma, atume tena akiwa dukani. Kuna fomu ya maswali, keshia alikusalimia, duka lilikuwa safi, ulisubiri dakika ngapi. Alafu mstari wa tisa, usome tena: asimwambie mfanyakazi yeyote wa duka wala wa benki kwamba yupo kazini kwa sababu ukaguzi utaharibika. Mdogo wangu, barua yote imeandikwa kwa ajili ya mstari huo. Maduka makubwa ya Marekani makeshia wengi wamefundishwa kumuuliza mtu anayenunua gifti kadi za mamia ya dola kwa mkupuo, unamnunulia nani, kuna mtu kakutuma? Na benki ukiwaambia nimepewa hundi ninunue gifti kadi watakusimamisha palepale. Tapeli anawajua watu wawili wanaoweza kumuokoa mwanao, kamziba mdomo asiongee nao. Na zile saa 24 kazi yake ni hiyohiyo, afanye kabla hundi haijarudi na kabla hajapata muda wa kumuuliza mtu. Bahati nzuri yeye alimwambia mama yake.

Gifti kadi nazo uzijue zinavyofanya kazi. Ni kama vocha ya kukwangua, mwenye namba ndo mwenye hela, kadi yenyewe ibaki mfukoni kwako haisaidii. Barua inamwambia anunue nne za dola 500 na moja ya 300, akwangue nyuma, azipige picha namba atume. Zikifika tu dakika chache zimeshauzwa au zimeshatumika na hakuna jina la mtu popote. Zamani mtindo ulikuwa anaambiwa nenda kakague huduma ya Western Union au MoneyGram, tuma dola 2,000 kwa fulani alafu utueleze foleni ilikuwaje. Makampuni hayo yalibanwa, Western Union mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 586 kwa kesi iliyohusu pia kushindwa kuwazuia matapeli kutumia huduma yake, na MoneyGram mwaka uliofuata ikakubali milioni 125. Mtindo wa kutuma bado upo ila gifti kadi zimeenea sana.

Na mwanao asijione mjinga peke yake. Tume ya biashara ya serikali yao, FTC, mwaka 2019 ilipokea taarifa zaidi ya 27,000 za hundi feki na watu waliripoti kupoteza zaidi ya dola milioni 28, na hasara ya kawaida kwa mtu mmoja ilikuwa karibu dola 2,000. Walioripoti kupigwa zaidi ni vijana wa miaka ya ishirini, zaidi ya mara mbili ya waliofika miaka 30 na kuendelea. Inaeleweka, kijana wa siku hizi hundi kaishika mara ngapi maishani? Hela kaijua kwa simu, ikisoma imesoma. Ongeza hapo mwanafunzi aliye mbali na kwao, ada inambana, anataka na mama aezeke nyumba.

Kazi ya mnunuzi wa siri yenyewe ipo kweli, sitaki nidanganye kwamba kila anayeitaja ni mwizi. Makampuni ya hoteli, maduka na mafuta yanalipa watu kufanya ukaguzi huo na wana umoja wao unaitwa MSPA wenye orodha ya wanachama. Lakini ukiisikia inavyokwenda utaona tofauti. Unaomba wewe mwenyewe, hawakuletei barua ghafla. Hulipi kujiunga. Unaenda dukani unanunua kitu kidogo kwa hela yako, unaandika ripoti, baada ya hapo ndo wanakurudishia na malipo juu, na malipo yenyewe kwa ukaguzi mmoja ni dola chache tu, hapati mtu 350 kwa kwenda kununua kadi. Hakuna kampuni ya kweli inayomtumia mtu isiyemjua maelfu ya dola ikamwambia chukua zako, nyingine peleka kule. Hata ungebadilisha jina la kazi, ukaiita msaidizi wa ofisi, kubandika matangazo kwenye gari, au mteja anayenunua sofa lako kwa hundi iliyozidi bei, ukiona tu hundi kubwa na ombi la kurudisha kilichozidi, ni kitu kilekile.

Sasa afanye nini. Benki aende yeye mwenyewe, kama hawezi apige namba iliyo nyuma ya kadi yake, sio namba yoyote iliyo kwenye barua au kwenye hundi. Aseme: nimeweka hundi ninayoamini ni ya utapeli, sijaitumia hela, naomba muishughulikie. Akiwahi kabla haijarudi yupo pazuri, wao wenyewe wanajua hizi. Asiirudishe hela kwa aliyemtumia hata akiombwa kwa upole, hiyo ni njia nyingine ya kumchomolea. Wapo wanaoandika kesho yake, samahani kazi imeahirishwa, turudishie salio. Salio gani na hundi haijalipwa?

Kama kadi zimeshatumwa, apige simu hapohapo kwa kampuni iliyotoa kadi, kadi iko mkononi na risiti ipo, aseme imetumika kwenye utapeli, aombe waizuie na wamrudishie. Wakati mwengine namba inakutwa haijatumika yote. Akimaliza aripoti kwenye tovuti ya FTC ambayo ni ReportFraud.ftc.gov, na kwa kuwa barua imepita posta kuna wapelelezi wa posta ya Marekani, hao barua za utapeli ndo kazi yao hasa. Bahasha, barua, hundi, meseji zote avitunze, asichane kwa hasira.

Najua anaweza kuogopa. Kama yupo kwa viza ya masomo, ile F-1, kazi za nje ya chuo haziruhusiwi bila idhini, na ataona akijitokeza atajiingiza matatani. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake akawaeleze yote, wamezoea kesi hizi na watamuelekeza. Kunyamaza kuna hasara yake, akaunti ikibaki hasi benki inaweza kuifunga na kumpeleka kwenye kumbukumbu za ChexSystems, huko jina linakaa mpaka miaka mitano na benki nyingine zikiangalia zinamkatalia kufungua akaunti. Mwanafunzi bila akaunti kule anapata tabu sana.

Nigeukie huku kwetu kidogo, mana wewe upo Makorora na watoto wengine wapo nyumbani. Hundi huku raia wa kawaida hawazishiki sana, lakini mtego unakuja kwa nguo nyingine. Kijana kaona tangazo la kazi wasap, kaambiwa tumekuingizia laki tano ya vifaa, chukua hamsini yako, nyingine mtumie msambazaji kwenye namba hii. Anatumiwa picha ya slipu ya benki yenye mhuri, au meseji iliyoandikwa kama ya mtandao wa simu kabisa. Aangalie meseji imetokea wapi, ya mtandao inakuja kwa jina la huduma, ya tapeli mara nyingi inakuja kwa namba ya simu ya kawaida. Na asisome salio kwenye meseji, aingie mwenyewe kwenye menyu aangalie. Mawakala pale Ngamiani wanalijua hili kwa machungu yao, mtu anaonyesha simu, meseji iko sawa, wakala anatoa keshi, jioni anapiga hesabu floti haijaongezeka. Ikiwa ni slipu ya hundi iliyowekwa kwenye akaunti yako, uliza benki kama hundi imepita, mana huku pia salio linaweza kuonekana na usiwe na ruhusa ya kulitoa.

Namba ya tapeli iliyokutumia meseji itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure, na polisi ukatoe taarifa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawagusa hawa. Piga na *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua kaitoe, isije ikatumika kuibia watu kwa jina lako.

Na hapa nakuomba sana wewe binafsi. Wakishindwa kwa mwanao wanaweza kusema basi tukutumie hela kwa mama yako Tanga, apokee kwa simu alafu awatumie watu fulani, abaki na kidogo. Usikubali hata kidogo. Hiyo itakuwa hela ya mtu mwengine aliyeibiwa, imepita kwenye laini yako yenye jina na namba yako ya NIDA, na utakatishaji wa fedha kwetu ni kesi isiyo na dhamana. Mama wa watu unakaa mahabusu huku hata hujui hela ilitoka wapi.

Mwisho, wakijua mwanao kagoma watabadilika. Zile adabu za barua zitaisha, atapata meseji kwamba ameiba hela ya kampuni, FBI wanakuja kwake, chuo kitataarifiwa, viza itafutwa. Wanatuma wenyewe hizo, wakati mwengine na nembo ya polisi juu. Hadaiwi kitu na watu hao, na polisi wa kweli hawakamati mtu kwa meseji wakamtaka alipe kwa gifti kadi. Asibishane nao wala asiwatukane, apige picha za hizo meseji aziunganishe kwenye ripoti yake, alafu afunge namba zao zote, na za imeli pia.